Kikaratasi cha Mayanja

Siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu, hapa Al Khoudh, Muscat, Namusoke alinambia mambo mawili kabla hata hajavua viatu. Ijumaa anakwenda kanisani. Na Jumapili saa nane mchana anaongea na kaka yake aliyeko Uganda, kwa hiyo wakati huo nisimwite. Nikamwangalia hivi! Mie Zakiya bint Awadh, nimefanya kazi maktaba ya chuo kikuu miaka ishirini na nane, nimewanyamazisha maprofesa wazima, leo mfanyakazi wa nyumbani ananipangia saa? Lakini alisema kwa adabu, mikono kaikunja mbele, na macho hakuyakwepesha. Nikamkubalia. Miaka sita sasa.

Mtu wa nje akisikia kanisa Ijumaa hushangaa. Hapa mapumziko ni Ijumaa, basi hata wachungaji wamefuata kalenda yetu. Namusoke huamka mapema, hupiga pasi gauni lake la kijani, hupanda teksi ya kuchangia mpaka mtaa wa Ghala, na huko, kwenye ukumbi waliopewa, Waganda na Wakenya na Watanzania wachache huimba mpaka sauti zikauke. Jioni hurudi amechangamka, ananipikia chai ya maziwa bila ya kuombwa. Sikuwa na ugomvi na kanisa lake hata kidogo.

Na Jumapili ilikuwa ya Mayanja. Huyo kaka alimlea. Wazazi wao walikufa Namusoke ana miaka saba, Mayanja kumi na saba, na yeye ndiye aliyemfulia sare, aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka shule, aliyemfundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye magunia ya saruji. Baadaye akawa mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya kanisa karibu na Masaka. Namusoke huweka simu juu ya meza ya jikoni, huku anakunja nguo, sauti kaifungua. Kiganda chao sikijui, lakini kicheko cha yule bwana nilikizoea. Hucheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyetia mguu kwenye maji ya baridi. Nami nikiwa sebuleni hujikuta nacheka pia, na wala sijui wanacheka nini.

Mwaka juzi kicheko kikaisha. Mke wa Mayanja, Nabaggala, alishikwa na uchungu wa kuzaa mumewe yuko shuleni, anakolala siku za kazi. Mama mkwe na watu wa maombi wakamzuia nyumbani siku mbili, wanamwombea, wanasema kukimbilia hospitali ni kukosa imani. Mayanja alipofika kamkuta keshakufa, na mtoto kafia tumboni. Kwenye maziko, mchungaji wao kasimama kuomba, Mayanja kamwambia mbele ya watu wote, "Nyamaza. Huko juu hakuna mtu." Tangu siku hiyo kanisa basi. Shuleni hakusema kitu, kazi ni kazi. Waliomsikia mazikoni walidhani ni uchungu wa msiba tu; aliyekuwa anajua kuwa kweli haamini tena ni dada yake peke yake.

Namusoke alilia sana. Jumapili nyingine walikuwa wanagombana kwenye simu mpaka nasikia sahani zinawekwa kwa kishindo. Lakini wiki inayofuata, saa nane, simu inaita na inapokewa. Alinambia siku moja anamenya viazi, "Mama, mimi sina mtu mwingine. Akikataa Mungu, nitamwombea. Akinikataa mimi, nimekwisha."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mie nilipoingia.

Ushirika wao una sanduku la maombi. Na si la kuandika "niombeeni nna shida" ukatumbukiza. Huandikwa jina kamili la mtu, ukoo wake, kijiji chake, kazi yake na mahali pake pa kazi. Nilipoona mara ya kwanza nilimuuliza, kwani Mungu wenu anataka kumpelekea mtu barua? Hakukasirika. "Mama, kwetu majina ni ya ukoo. Mayanja ni wengi, hata hapa Muscat wako. Wale wanaoomba lazima wajue wanaomba kwa ajili ya nani, maombi yasiende kwa mwingine." Nikaona lina mantiki yake. Hata vitabu viwili vyenye jina moja unavitenga kwa mwandishi na mwaka.

Alhamisi moja kaja na kikaratasi na kalamu. Anataka kumwombea kaka yake, na Kiswahili chake, anasema, ni cha kuungaunga, na pale kanisani kila kabila lipo, kwa hiyo huandikwa Kiswahili. "Niandikie wewe, Mama. Wewe maneno unayo."

Maneno ninayo, ndiyo. Nimezaliwa Tabora, mama yangu wa Unguja, lugha nimenyonya. Na wiki ile ile nilikuwa na moto wangu kifuani. Mtoto wa dada yangu, Anas, alikuwa karudi kutoka masomoni Ulaya. Kakaa kwenye sinia yangu ya wali, mbele ya ndugu, kanambia yeye kusali basi. Basi! Kama mtu anayeacha sukari kwenye chai. Nilitaka kumjibu nikakosa la kusema, mie! Siku nne nilikuwa natengeneza majibu kichwani, jikoni, bafuni, kwenye gari, na hakuna wa kumpa.

Namusoke akanisimulia ya Mayanja. Ya baiskeli, ya magunia ya saruji, ya Nabaggala, na ile siku ya maziko. Nikasikiliza, nikainama, nikaandika. Jina, ukoo, kijiji, mwalimu wa baiolojia, shule fulani. Chini yake nikaandika hivi, na nakumbuka kila neno, laiti ningesahau: "Mlevi wa elimu. Kiburi kimempanda mpaka akili imemruka. Anayemkana Muumba wake ni mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa, na ugonjwa wake unaambukiza. Aombewe kabla hajawaambukiza watoto wa watu."

Nilikuwa namwandikia Anas. Mayanja sikuwa naye habari.

Namusoke kasoma polepole, kidole kinafuata mstari. "Mama, Nabaggala yuko wapi?"

"Kikaratasi kidogo, mwanangu. Hakitoshi."

"Na hii ya kuambukiza?"

"Ndiyo Kiswahili hicho. Dua inataka maneno mazito."

Aliniamini, maskini. Mwandiko wangu ni wa maktaba, ulionyooka, na mtu akiuona huona ni wa kweli. Akakikunja mara nne, akakitia ndani ya Biblia yake.

Mchungaji wao anaitwa Muwanga. Mganda aliyekulia Nairobi, siku za kazi ni msimamizi wa ghala la vigae, Ijumaa ni mchungaji. Siku zile alikuwa kajiandikisha masomo ya mtandaoni ya historia ya kanisa la mwanzo, na kila Ijumaa anawahubiria habari za maaskofu wa zamani waliopambana na wazushi. Namusoke alikuwa akinisimulia, nami nacheka, maana vitabu vya namna hiyo nimevibandika namba mgongoni kwa mikono yangu. Mabwana wale walikuwa na ulimi! Mpinzani ni nyoka, ni donda linalokula mwili, ni mlevi, ni kichaa, ni mzinzi. Kila kundi wanalipa jina la ugonjwa na kulitengenezea dawa. Wenyewe hao waliotukanwa walisema nini hasa? Mara nyingi hupati. Vitabu vyao vingi vilichomwa au vilipotea, yamebaki yale waliyosingiziwa na waliowachukia. Na la ajabu zaidi, kabla ya hapo Warumi walikuwa wanawaita Wakristo wenyewe watu wasio na Mungu, kwa kuwa walikataa kuiabudu miungu ya dola. Neno walilorushiwa wakalidaka, wakawarushia wengine.

Haya yote nayajua. Niliyajua na kalamu mkononi, na bado niliandika.

Ijumaa ile Muwanga kamaliza wazushi wa zamani, akataka wa leo. Kafungua sanduku, katoa kikaratasi changu. Kakisoma chote, na ibada yao hurushwa mtandaoni kwa ajili ya ndugu walioko nyumbani. Halafu kakiinua mbele ya kamera. Jina, ukoo, kijiji, shule. Mwandiko wangu umenyooka, hata kwenye simu unasomeka.

Namusoke alirudi siku ile hakunipikia chai. Aliniwekea simu mbele yangu, akaenda chumbani kwake. Na nitasema kweli, maana kama sisemi hapa nitasema wapi: mara ya kwanza kuisikiliza, nilifurahi. Astaghfirullahi. Yule bwana ana sauti nzuri, na kila alipofika mwisho wa sentensi yangu watu wanaitikia na kupiga vigelegele. "Mlevi wa elimu!" Wanashangilia. Nikairudia mara ya pili. Mara ya tatu ndipo nilipolisikia jina la shule.

Jumapili, saa nane. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Nguo hazikukunjwa siku ile. Mara ya saba ukaja ujumbe kwa Kiingereza, Namusoke kanisomea: "Wamenifukuza kazi. Mkuu wa shule alinionyesha karatasi yako. Wazazi wamesema siwezi kuwa karibu na watoto wao. Usinipigie tena." Akasoma kisha akakaa chini, sakafuni, pale pale mbele ya jokofu.

"Karatasi yako," akarudia. "Anasema karatasi yako."

Hakusema, "Ni yako wewe, Mama." Angenitukana ningepumua.

Jumatatu nikamtia kwenye gari, tukaenda Ghala. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nimevaa abaya yangu nzuri, nimepanga sentensi zangu. Tukamkuta Muwanga ghalani, kashika kitabu cha kuandikia mizigo, anahesabu maboksi ya vigae. Nilitarajia mtu wa majivuno. Nikakuta mwanamme mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, akatutafutia viti, akatutolea maji ya baridi, akampa Namusoke pole kabla hajaambiwa.

"Mtu kapoteza kazi kwa mdomo wako," nikamwambia. "Mjane. Mkewe kafa na mtoto tumboni, kwa sababu ya watu wa maombi. Hilo ulilisema?"

Akashtuka, akavua miwani. "Sikulijua, Mama. Wallahi sikulijua." Hapa hata wachungaji wanaapa hivyo. "Kwenye karatasi halikuwepo. Mimi nilisoma tu kilichoandikwa. Mambo ya ugonjwa, ya kuambukiza, mimi Kiswahili kama kile sina. Nilipokisoma nilisema, huyu aliyeandika ana uchungu na ana kipaji." Akamgeukia Namusoke. "Nani alikuandikia, dada?"

Nje kuna lori linarudi nyuma, linalia pi, pi, pi. Namusoke kainamisha kichwa anaangalia vigae. Na mie, mwenye ulimi, mwenye sentensi zangu zilizopangwa, ningesema nini? Kwamba Mwislamu wa Al Khoudh, bibi mzima mwenye wajukuu, ndiye anayewaandikia Wakristo maombi ya kuwalaani wasioamini? Likifika kwa dada zangu? Nikiulizwa, yalinihusu nini? Nilifungua mdomo, wallah niliufungua. Nikaishia kunywa maji yake ya baridi.

"Ni mimi, Mchungaji," Namusoke akasema. "Niliandika mimi."

Muwanga kamwangalia, halafu akaniangalia mie, halafu mkono wangu. Nadhani alijua. Akasema atafuta video siku ile ile, na aliifuta, alitimiza ahadi. Akasema atampigia mkuu wa shule, na alimpigia. Mkuu kamjibu kuwa wazazi wamekwisha kuamua. Na video yenyewe ilikuwa imeshanakiliwa, inazunguka kwenye simu za watu wa Masaka na wa Kampala na wa Dubai. Kuifuta Muscat ilikuwa sawa na kufuta meza moja kwenye hoteli nzima.

Kwenye gari nilimwambia, "Namusoke, nisamehe."

"Mafi mushkila, Mama," akajibu, anaangalia dirishani. Hamna shida, kwa Kiarabu; hivyo ndivyo anavyomjibu muuza gesi akichelewa.

Wiki ya tatu Mayanja akajitokeza mwenyewe. Kazi hana, jina lake limeshachafuka, cha kuficha hana tena. Kafungua ukurasa wake mtandaoni, anazungumza Kiingereza, nyuma yake ukuta mtupu. Nikamwomba Namusoke niione. Nilitaka nimsikie mtu huyu anasema yake, ya Nabaggala, ya siku mbili zile. Nilikuwa nasubiri, kama nilivyokuwa nasubiri vile vitabu visivyopatikana.

Ya Nabaggala aliyasema, kwa ufupi, sauti imekauka. Dakika moja haikufika. Halafu kachukua picha ya kikaratasi changu, kakisoma kwa Kiswahili kibovu cha kuchekesha, neno kwa neno, na akaanza. Dini ni ugonjwa. Unaambukiza. Wanaoamini ni walevi, akili zimewaruka, na walioathirika zaidi ni watoto, watenganishwe nao. "Mnamwona dada yangu? Namusoke. Anafua nguo za Waarabu jangwani, ubongo wake umeliwa, halafu ananiombea mimi nipone!" Kataja jina lake, ukoo wake, kijiji chao, na mtaa wa nyumba yangu. Chini watu elfu kumi na mbili wamependa. Wamemwita dada yake kondoo, mjakazi, mgonjwa.

Kila kitu changu! Ulevi wangu, wazimu wangu, maradhi yangu, hata watoto wa watu. Kaligeuza shuka upande wa pili tu. Kule maktaba, rafu ya maaskofu na rafu ya vile vitabu vipya vya Kiingereza vya wasioamini zilikuwa hatua nne, na mie nilipita katikati miaka ishirini na nane nikisukuma kigari, nikijiona mwerevu kuliko wote waliomo humo.

Yule mwalimu aliyesomesha mtoto kwa magunia ya saruji hakuwemo kwenye mahubiri ya Muwanga. Sasa hakuwemo hata kwenye video yake mwenyewe. Na Namusoke ninayemjua mie, anayenisahihishia hesabu za dawa zangu, hakuwemo popote.

Niliona haya, na mie haya zikinishika huwa mkali. Nikamwita. "Keti hapa. Lete karatasi. Leo namwandikia kaka yako barua. Ntamwambia yote, kuwa mkono ni wangu, kuwa weye ulitaja habari za Nabaggala nikaziacha mie. Ntaiandika vizuri mpaka alie."

Namusoke alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo. Akakitandaza juu ya bomba, akakinyoosha pembe moja, ya pili.

"Usiandike, Mama."

"Lakini ni haki yake ajue!"

"Ajue nini? Kwamba niliacha mtu mwingine amtukane, na nikapeleka?" Hakupandisha sauti. "Wewe maneno unayo mengi. Khalas. Usituandikie tena."

Tangu siku ile ya kwanza, miaka sita, hakuwahi kunikataza kitu ndani ya nyumba yangu. Nikarudisha kalamu kwenye mkoba.

Ghala bado anakwenda, Ijumaa, na gauni lile lile. Huketi nyuma. Muwanga ameacha habari za wazushi, sasa anahubiri habari za Ruthu. Sanduku la maombi bado lipo, naye kila wiki hutumbukiza kikaratasi. Nilikiona kimoja mezani kabla hajaondoka. Mwandiko wake, herufi zimelala huku na huku. Jina hakuna, ukoo hakuna, shule hakuna. Kaandika, "Kuna mtu." Basi.

Simu haipokewi. Kabadilisha namba, nadhani. Anas huja kula wali Jumamosi, hasali, nami namsogezea nyama. Nimemuuliza siku moja, hebu nambie ilikuwaje, na akanieleza saa nzima, na mengi sikukubaliana nayo, nikajiuma ulimi mpaka ukaniuma kweli.

Juzi nilipita jikoni, nguo ziko mezani nusu zimekunjwa. Namusoke kaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anaangalia ile video. Ile ile. Mayanja anasema dini ni ugonjwa, Mayanja anasema ubongo wake umeliwa, na yeye anakunja foronya, anakunja taulo.

"Zima hiyo," nikamwambia. "Weye unajitesa kwa nini?"

"Ngoja kidogo, Mama." Akanyanyua kidole. "Hapa ndipo anaponitaja."

Mayanja akatamka jina la dada yake, akamcheka. Akacheka kwa kuvuta pumzi ndani, vile vile kama zamani. Namusoke akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena, akarudisha tena. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumapili, saa nane na dakika tano.